Kompyuta ya Sekunde Tano

Ujumbe ulizunguka makundi matatu ya simu kabla ya kumfikia Patrobas Kweyu, fundi wa kompyuta, kibandani kwake mtaani Kware. Mama Mbithi wa Komarock alikuwa na kompyuta mpya, iliyoundwa juzi tu, ambayo ikiwashwa huvuma sekunde tano kisha hujizima. Alikuwa akitafuta fundi mwaminifu.

Neno hilo la mwisho lilimfurahisha Patrobas. Anayemtafuta mwaminifu kwa matangazo, aliwaza, hawezi kumtambua hata akimkanyaga.

Akalitia begani sanduku la kompyuta yake mwenyewe, ile moja tu iliyomlisha, iliyochapa barua za kazi na kujaza fomu za wapangaji wa ploti nzima. Chambo, ndugu msomaji, lazima kiwe hai.

Alipoingia sebuleni akajua ugonjwa kabla hajaketi. Sofa zilikuwa bado na nailoni ya dukani. Rimoti ilikuwa na nailoni. Hata saa ya ukutani ilisoma majira kupitia nailoni. Sasa, chini ya feni ya prosesa mpya, ule ubongo wa kompyuta, hubandikwa nailoni nyembamba, ambayo fundi huibandua kabla ya kufunga. Nyumba hii haikuwahi kubandua kitu. Joto likikosa njia, mashine hujizima isiungue. Ilikuwa kazi ya dakika mbili kwa fundi mwaminifu, ila huyo alikuwa hajafika.

Mama Mbithi, mjane mpole wa kwaya, alimmiminia chai na kumletea bisibisi aifungue mashine. Patrobas akaikataa upesi. Mgonjwa akipasuliwa mbele ya wenyewe, wenyewe huona dawa. Akaiwasha mashine tu, akaweka sikio. Feni zikavuma, zikanyamaza.

"Mama, hii imeenda."

"Imeenda wapi, fundi?"

"Imekufa. Bodi imeungua kwa ndani. Ukizidi kuiwasha itakuchomea nyumba."

Mama Mbithi akajipangusa macho kwa leso. Kwaya ilikuwa inaingojea kompyuta hiyo ichape nyimbo, akasema, na yeye ndiye aliyewaahidi. Patrobas akaguswa, kwa kipimo. Akajitolea kumwachia yake, nzima kabisa, naye aichukue ile maiti, pengine angepata humo skrubu mbili tatu. Mama akamsihi aifungue kwanza ahakikishe. Patrobas akaapa kwa marehemu babu yake kwamba hakuna haja.

Alirudi Kware na maiti yake begani, akipiga mluzi. Akafunga mlango, akakaza macho, akang'oa feni.

Hapakuwa na nailoni. Chuma kilikuwa safi, kinang'aa. Na chini yake, mahali pa prosesa, palikuwa na mraba mtupu. Bodi isiyo na prosesa huzungusha feni kidogo, kisha hukata tamaa. Mtu alikuwa ameing'oa kwa mkono stadi, akarudishia feni na kukaza skrubu zote nne. Mtu huyo alikuwa na bisibisi nyumbani, tena mwepesi wa kuwaazima wageni.

Alifika Komarock akihema. Akina mama wanne wa kwaya walikuwa wameizunguka kompyuta yake, na mmoja alikuwa akipiga chapa ubeti wa pili.

"Mama," Patrobas akasema, "ile mashine haina prosesa."

"Pole, mwanangu." Mama Mbithi hakuinuka. "Lakini uliniambia imekufa. Sasa ndani ya maiti ulikuwa unatafuta nini?"

Akina mama wakageuka wote. Patrobas akaitazama kompyuta yake, riziki yake yote, umbali wa hatua tatu. Sentensi moja ya kweli ingemrudishia. Akaitafuta kwa bidii, lakini hakuwahi kuitumia saa za kazi, wala hakujua huanzia wapi.

"Nilipita tu kuwasalimia," akasema.

Wakamshukuru sana. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kufika, Mama Mbithi akamwomba awaonyeshe jinsi ya kuchapa karatasi pande zote mbili.

Patrobas akavuta kiti, nailoni ikalia chini yake, akawaonyesha.