Hotuba ya Mkurugenzi wa Sauti Siku Albamu ya Vidole Ilipozinduliwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi; Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti; Mheshimiwa Kaimu Makamu, unayemkaimu Makamu ambaye yuko hapa na nimeshamtaja; wakuu wa idara, wakuu wa vitengo vilivyomo ndani ya idara, na wakuu wa vitengo ambavyo bado tunavitafutia idara; wanamuziki, na watu wengine wenye kazi; na mimi mwenyewe, Mkurugenzi Mkuu Mwandamizi wa Uratibu wa Sauti, niliyejiweka mwisho kwa unyenyekevu ambao naomba uingizwe kwenye kumbukumbu. (Makofi. Ya dereva wake.)

Hamjambo? (“Hatujambo!”) Sijasikia! (“HATUJAMBO!”) Nilisikia tangu mwanzo, nilikuwa napima kipaza sauti.

Ndugu zangu, leo tunazindua albamu ya kijana wetu huyu aliyeketi mbele na gitaa lake mapajani, mnayemwita Vidole, albamu inayochanganya bluzi, fanki na jazi katika freimuwaki moja jumuishi, shirikishi na endelevu, na mitambo ya kurekodi ile pale ukutani, na fundi mitambo yule pale na visikizi vyake masikioni, na ratiba inasema nikishamaliza maneno yangu mafupi Vidole atapiga, mitambo itanasa, na dunia itatutambua. Fundi, mitambo ni ya kuazima, sivyo? (“Ndiyo, mheshimiwa. Mwenyewe anaifuata saa kumi, na sasa saa tisa imeshapita.”) Basi muda tunao wa kumwaga.

(Shangazi yake Vidole, fundi cherehani, ndiye aliyemlea na ndiye aliyemshonea shati analong'aa nalo leo. Kutoka safu ya pili: “Basi mwache mtoto apige!”)

Mama, atapiga. Haba na haba hujaza kibaba. (Shangazi: “Na hayo maneno yako mbona hayajazi hata kijiko?” Ukumbi unacheka mpaka feni ya darini, iliyokuwa imekwama, inazunguka.)

Nacheka na mimi, kwa sababu kiongozi ni wa watu. Tuendelee. Kabla ya mradi huu ofisi yangu ilifanya utafiti, tukafanya semina elekezi ya kuuelewa utafiti, kisha wokshopu ya kuisahihisha semina, na matokeo yakaonyesha kwamba asilimia mia moja na nne ya waliohojiwa wanaupenda muziki wa Vidole. Hao wanne wa ziada walipita tu wakasikia kuna soda. Mimi binafsi nilikwenda kumsikiliza kwenye karakana ya baiskeli anakofanyia mazoezi, nikasimama nje ya mlango ili viatu visishike grisi, na nikasikia kwa masikio yangu, ambayo nimeyasomea, watu watatu wakipiga: mmoja besi, mmoja wimbo, mmoja anakwangua katikati. Tukawaalika wote watatu hapa leo. Amekuja Vidole peke yake! Natumia nafasi hii kuwakemea vikali wale wenzake wawili.

(Vidole, kwa upole: “Mheshimiwa, ni mimi tu. Gumba linashika besi, vidole vingine vinaimba.” Watu wanapiga vigelegele.)

Usiwafiche, kijana. Kuficha watoro nako ni utoro. (Fundi mitambo anavua visikizi, anajifuta machozi ya kicheko, anavivaa tena.)

Sasa nije kwenye ubora, maana hatukukurupuka. Kamati ya Ufundi, niliyoiteua na ninayoiongoza na ambayo hunipongeza kila inapokutana, imeuchambua huu muziki sehemu kwa sehemu. Kwenye bluzi tumegundua huzuni iliyopindukia kiwango, na mbaya zaidi, kuna mahali Vidole anauvuta uzi kwa kidole mpaka sauti inapinda. Inapinda, ndugu zangu! Ofisi ya umma haiwezi kuzindua sauti iliyopinda, tumeelekeza inyooshwe. Kwenye fanki tumekuta gitaa linapiga kidogo, linanyamaza, linapiga kidogo, linanyamaza. Huo ukimya katikati ni kazi isiyofanywa, na tumeagiza ujazwe. Na kwenye jazi, hapo ndipo nilipopandwa na presha, kuna noti anazozibuni papo hapo, bila kuziombea kibali, halafu anatabasamu! Hizo tumeamuru ziondolewe.

(Shangazi: “Sasa ukinyoosha, ukajaza, ukaondoa, kinabaki nini?”)

Kinabaki mimi, mama, yaani uongozi. Ndiyo maana kwenye jalada, lile mnaloliona pale kwenye bango, tumeweka picha yangu nikiwa nimelishika gitaa. (Amelishika shingo chini, kama mtu anayetaka kufagia.) Picha ya Vidole ipo pia, nyuma, karibu na kidole changu kidogo.

Nafika kileleni. Nipeni mkasi. Asante. Utepe uko wapi? (Ofisa itifaki anamnong'oneza.) Unasema utepe tulishaukata wote tulipozindua choo cha wageni? (Ukumbi hoi.) Msicheke, kile choo kina impakti kubwa. Kiongozi hakosi cha kukata. Vidole, lete hilo gitaa.

(Vidole analikumbatia. Shangazi ameshasimama: “Usimpe! Mwanangu, usimpe huyo!” Maofisa wawili wanamtoa gitaa mikononi kwa adabu zote, wakisema samahani, samahani.)

Kwa mamlaka niliyonayo, na mengine ninayoyatarajia, natamka albamu hii imezinduliwa rasmi! (Kata. Kata. Nyuzi tano zinalia, kila moja sauti yake, na hakuna iliyokosea.) Huu wa sita mnene una kiburi, mkasi umegoma. Tuuachie awamu ya pili ya mradi.

Gitaa kwanza! (Kimya.) Sauti moja! (Dereva: “Iliyonyooka!”) Nani kama Mkurugenzi? (Shangazi: “Bahati nzuri, hakuna!”)

Kwa kumalizia, nawashukuru nyote kwa uvumilivu. Namshukuru fundi mitambo, ambaye naona anakunja nyaya kwa kuwa saa kumi imewadia. Na kwa namna ya pekee namshukuru Vidole kwa albamu hii kubwa tuliyoizindua leo, nikimhakikishia kwamba siku atakapopata nyuzi nyingine, na mitambo mingine, akarekodi japo wimbo wake wa kwanza, ofisi yangu haitamzuia kuianza albamu yenyewe.

(Vidole analichukua gitaa lake. Anaweka gumba kwenye ule uzi mmoja, anaupiga, ananyamaza, anaupiga, ananyamaza, halafu anauvuta mpaka sauti inapinda, inapinda hasa, kama mtu anayemsema mtu bila kumtaja. Fundi mitambo anakunjua nyaya. Shangazi anaingiza makofi pale penye ukimya. Safu ya pili inasimama, ya tatu inasimama, ukumbi mzima uko juu unacheza.)

Asanteni! Asanteni sana! Ketini jamani, hotuba yenyewe ilikuwa ya kawaida tu!