Yah: Ombi la Kurudishiwa Uzito wa Kompyuta

Kwako Gasper, mpwa wangu na fundi wa kompyuta, Kidatu.

Marahaba. Najua umeniamkia.

Ulipokuja Pasaka uliiondoa Windows kwenye laptopu yangu, ukaweka Linux, ukasema yatabaki marekebisho madogo madogo. Nimeyaona. Naomba uje uyafanye haraka, maana nyumba imekuwa kimya.

1. Kasi. Zamani nikibonyeza kitufe, waliokuja kuandikiwa barua za jumuiya walikaa, wakanywa chai, tukamaliza habari za mpunga kuanzia hapa Ifakara mpaka Mlimba. Sasa mtu hajavuta kigoda, imeshawaka. Barua inaingia kwenye simu yake naye anaaga.

2. Virusi. Katekista Beno alipodai muhtasari wa kikao, nilimwambia umeliwa na virusi, akanipa pole. Umevifukuza vyote bila kuniuliza. Juzi nimeandika muhtasari kwa mara ya kwanza tangu nichaguliwe katibu.

3. Windows ilikuwa ikikataa kuzimwa, eti inajiboresha, na mgeni akaona aibu kuondoka. Hii yako inaomba ruhusa kwanza. Adabu gani hiyo ya kunifukuzia watu?

4. Tangu marehemu mke wangu Oliva atutoke, anayekaa kwangu mpaka chai ipoe ni Katarina peke yake, mwalimu wa kwaya, akisubiri nimwandikie nyimbo. Jumapili alikaa muda wa kusema asante tu. Gasper, nimeumia.

Hivyo naomba upunguze kasi, urudishe virusi, hata vya mtumba, na kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo. Katarina alikipenda. Ukikaidi, suala hili nitalifikisha kwa mama yako, ambaye ni mdogo wangu na bado ananiogopa.

Msalimie mkeo Frida, majirani wote wa hapo Kidatu, na mtoto, ambaye nasikia naye ameanza kubonyezabonyeza. Mzuieni mapema.

Ni mimi, niliyeachwa peke yangu na kasi,
Mjomba Valeriani,
Katibu wa Jumuiya, Ifakara.

N.B. Usije. Nimejaribu kuichapa barua hii, printa haiitambui kabisa hiyo Linux yako. Ndiyo maana umeipata kwa mwandiko wangu. Katarina naye anataka nyimbo za Pentekoste kwenye karatasi, kwa ajili ya wanakwaya wasio na simu janja. Nimemwambia asubiri kidogo. Amevua viatu, ameingia jikoni, sasa anachambua mchele wa jioni. Ukithubutu kuitengeneza hiyo printa, wewe si mpwa wangu tena.