Kilatini cha Hina

Mbweni, Alhamisi, 6 Machi 1969
Nimekwisha! Baba kazidiwa. Daktari kasema tusitarajie Pasaka. Na haja yake ni moja tu: anisikie mimi, mwanawe, nikilitaja neno "eupe" kwa Kilatini na sura zake zote, ya kiume, ya kike na ya vitu. Yeye skuli ya misheni aliishia ukurasa wa neno hilo, akatolewa akachume karafuu. Mimi nilimwambia nimemaliza kitabu kizima huko Bara. Miaka sita namdanganya. Bara nilikuwa nikiuza barafu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda Malindi, hapo mjini, kwa Msabah, mchanganya dawa. Ana kitabu cha Kilatini, haazimi. Kukariri nimejaribu, maneno hayakai kichwani. Nikanakili kiganjani kwa wino. Kufika Mbweni, jasho tupu, kiganja cheusi kama chungu! Baba akaniita. Nikasingizia kikohozi, nikatoka mbio. Sina haya mie.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepata akili! Hina haifutiki. Nimerudi kwa Msabah na karatasi, nikanakili, kisha dada yangu Tabia kanichora maneno viganja vyote viwili, huku akisonya. Kasema mwanamume hatiwi hina ila siku ya harusi yake. Nikamwambia achore, aniache.

Jumapili, 9 Machi
Nimesoma! Albus, alba, album, albi, albae, albi... Viganja nimeviinua kama anayesali. Baba kafumba macho, anatabasamu. Nikajiona bwana mkubwa. Halafu akanishika mkono anibariki, akaugeuza. Akautazama weee. Nikangoja matusi. Wapi! Kasema taratibu kwamba alitamani mmoja wetu tu auvuke ukurasa ule. Akanikunja vidole, kimoja kimoja. Bora angenizaba kofi.

Jumanne, 11 Machi
Baba katutoka alfajiri. Tumemzika alasiri. Watu wamepanga mstari kunipa mkono wa pole, na hina inang'aa! Nilishasugua kwa ndimu, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa. Bi Mize, jirani yetu, kauliza kwa sauti kama nimeoa msibani. Nikaficha uso kwa mikono, nikalia. Ndipo wote wakaiona vizuri. Baba yangu, nisamehe.

Jumamosi, 15 Machi
Tumeanua matanga. Padri kasema mbele za watu kwamba marehemu alijivunia sana elimu yangu. Akauliza kama kweli nimekimaliza Kilatini, niwafundishe watoto wa kanisani. Nikasema naam, nshakimaliza chote. Na Kigiriki vilevile. Naanza Jumatatu.