Kila Mtu Asubiri Kidogo

Jumatatu, 4 Machi
Programu yetu ya kupangia wagonjwa miadi imezimika tena. Watu wakiona kimya wanabonyeza, wanabonyeza, mpaka seva inazidiwa. Bosi kasema ikizimika Alhamisi, siku ya kufungua miadi ya daktari wa macho, nitafute kazi kwingine. Kasema kwa upole. Namshukuru, wengine hufokewa.

Ikizimika, mama mkwe naye atakosa miadi. Ananipenda sana yule mama. Jana alilisalimu koti langu lililotundikwa ukutani, akalilaumu kwa kutojibu.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata dawa! Maktaba ya msimbo, yaani kipande cha programu kilichoandikwa tayari na wengine, ya bure, nyepesi, kasi yake si ya kawaida. Kazi yake ni kuhesabu: mtu akibonyeza kupita kiasi, anaambiwa asubiri kidogo. Mungu awabariki walioiandika, sijui hata sura zao.

Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Miwani, kauliza nitawatofautishaje watu. Nikamjibu: kwa anwani ya mtandao ya kompyuta zao, basi. Kanishauri nisome maelezo hadi mwisho. Wivu huo. Maelezo ni ya wasiojiamini.

Alhamisi, 7 Machi
Asubuhi seva imara. Nikajipongeza kwa chai. Kabla sijaimaliza, simu kutoka mapokezi ya kliniki: kila karani anaambiwa asubiri kidogo. Kumbe kompyuta zao zote zinatumia anwani moja, na maktaba imewaona kama mtu mmoja mwenye kiherehere. Ukumbi umejaa wazee. Mama mkwe yumo.

Miwani akavuta kiti, akabadilisha mistari michache, kila karani akawa anahesabiwa kwa akaunti yake. Foleni ikasogea. Bosi alipokuja kuuliza, Miwani akamwambia kazi tumeifanya pamoja. Nusura nilie. Na mimi nilimwita mwenye wivu!

Ijumaa, 8 Machi
Kazi ninayo bado. Mama mkwe kapata miadi, kaniombea dua ndefu kwenye simu mpaka salio likaisha. Moyo umejaa shukrani, na sitaki ziishie mdomoni.

Kwa hiyo nimemwondolea Miwani kikomo cha kubonyeza. Abonyeze atakavyo. Halafu bosi, kwa upole wake. Mama mkwe, bila shaka. Makarani, maana hawakunitukana. Nikawakumbuka wale wazee ukumbini, walivyokaa kwa subira. Nao nikawaondolea. Sasa, utawaenzi hao uwaache wagonjwa wengine, waliotuvumilia miezi yote hii? Roho ikakataa. Nimewaondolea wote.

Maktaba inakimbia kuliko jana, haina wa kumzuia hata mmoja. Miwani alishatoka, sikupata kumwambia. Jumatatu asubuhi, watu wote wakianza kubonyeza, atajionea mwenyewe.