Maua Niliyompelekea Mzee wa Iyula

Wanakundi, leo uso wangu nimeuacha Iyula. Atakayeuokota asihangaike kuurudisha.

Mnamjua Tumaini, yule wa dawati la mbele anayemaliza Hesabu sisi wengine tukiwa bado tunapiga mstari wa pambizo. Mnajua pia kwamba likizo ya Desemba tunamtaka aje Tunduma kwa shangazi yake, tujisomee pamoja. Bila yeye, mimi kwenye mtihani nitaandika jina, nitaandika namba, halafu nitasali. Kikwazo ni baba yake. Mzee kasema hamruhusu bintiye kuja huku mpakani kwenye malori mpaka amwone kwa macho kiongozi wa hilo kundi.

Kiongozi ni mimi. (Uchaguzi haukuwepo, ndiyo maana nilishinda.)

"Basi njoo kwetu Iyula wikiendi hii," Tumaini akaniambia. "Mvua imenyesha, kahawa imechanua. Nyie wa Tunduma maua mnayajua ya plastiki tu."

Asubuhi nikamwamsha kaka yangu Juma, mwenye pikipiki, tukaanza kuyafuata maua. Vwawa tumechelewa. Mvua yao ilitangulia, maua yameshakuwa rangi ya chai. Mlowo nusu kwa nusu. Tulipoiacha lami na kuingia kwenye udongo mwekundu wa kwenda Iyula, jamani! Vilima vyote vyeupe, kama gunia la sembe limepasukia juu mbinguni. Na ile harufu! Juma, ambaye pua yake inajua dizeli tu, alisimama katikati ya njia.

"Dogo, hapa hata breki zinanukia."

Wazo likanijia hapo hapo. (Mawazo yangu hayajawahi kupiga hodi.) Kwenye tamthilia, kijana mstaarabu haendi kwa watu mikono mitupu. Anakwenda na maua. Na maua haya hapa, shamba zima, kwenye kona yenye mparachichi mkubwa, mwenyewe hayupo!

Nikavunja matawi saba. Sikudokoa, nilivunja, yale marefu yaliyojaa. Nikayafunga kwa tai yangu ya shule. Nikayanusa kwa madaha, macho nimefumba.

Nyuki alikuwemo.

Mdomo wa juu ukaumuka kama andazi. Juma alicheka mpaka akakaa chini. "Twende tu," akasema, "mzee atadhani una andazi mdomoni."

Tukafika. Bibi yake Tumaini ndiye aliyekuwa mlangoni, anapepeta maharage. Akaniona na mzigo wa maua meupe. Ungo ukamtoka.

"Yesu wangu! Nani amekufa?"

Jirani akatoka mbio, kanga anaifungia njiani. Nikajaribu kueleza kwamba hakuna msiba.

"Famahani fifi, hakuna mfiwa!"

Bibi ndiyo kwanza akaanza kulia. Anayekuja na maua, mdomo umevimba, maneno hayatoki, huyo kalia njia nzima! Ilibidi Juma aape mara tatu kwamba kwetu wote wazima.

Ndipo mzee akatoka. Mrefu, mpole, koti la kanisani. Nikamtolea shikamoo yangu ya kuvimba, nikamkabidhi maua kwa mikono miwili. Akayapokea. Akayageuza. Tumaini, nyuma yake, alianza kunitikisia kichwa polepole. (Nikadhani amependezwa.)

"Hiki ni nini, mwanangu?"

"Maua, mfee."

"Kila ua hapa ni tunda la kahawa. Lilikuwa. Umevunja wapi?"

Hapo mwenye akili angesema Zambia. Mimi nikasema ukweli, tena kwa kujiamini: "Fale kwenye kona, fenye farachichi kufwa. Mwenyewe hayufo."

Mzee akayainua maua usawa wa macho.

"Mwenyewe yupo," mzee akasema. "Unaongea naye."

Wanakundi, nilitamani nyuki arudi amalizie.

Mzee akaketi kwenye kigoda, akaniita karibu. "Wewe ndiye kiongozi wa masomo. Haya. Matawi saba. Kila tawi lina vifundo kumi na viwili, hebu hesabu. Kila kifundo kina maua kama kumi na sita. Umenivunjia matunda mangapi?"

Nikaangalia angani. Nikaangalia vidole. Nikamwangalia Juma, naye akawa ghafla anakagua tairi.

"Kama... mia mfili hifi?"

"Elfu moja mia tatu arobaini na nne," akasema Tumaini, uso kaufunika kwa viganja.

Bibi, ambaye machozi hayajakauka, alicheka mpaka akashikilia ukuta. "Mtu kaja na kahawa yetu kutuomba mtoto wetu!"

Mzee hakucheka. Akasimama. "Tumaini haendi Tunduma."

Niliona F yangu inakuja kwa mbali, imebeba begi. Nikapiga magoti, nikaomba msamaha wa kweli, kila "p" imegeuka "f". Mzee akaniangalia. Akamtazama binti yake. Tumaini akasema taratibu, "Baba, umeona mwenyewe. Huyu bila msaada amekwisha."

(Asante, Tumaini. Nadhani.)

"Basi mje nyie huku," mzee akasema. "Asubuhi jembe, mchana Hesabu. Mti haumkatai mtu aliyeupalilia. Na wewe, kiongozi, utatangulia siku moja. Palilia ile safu ya kwenye mparachichi."

Tukarudi na maua yale yale. Nimeyashika njia nzima, kwa amri ya mzee, yasitupwe ovyo. Kila kijiji watu walisimama wakavua kofia. Mama mmoja alitupa pole.

Kwa hiyo taarifa rasmi: likizo tunasomea Iyula. Kila mtu aje na daftari, kalamu na jembe lake. Juma ameshatuma picha ya mdomo wangu humu, nimeiona, na nimeona nani ameijibu kwa vicheko. Atakayeendelea, namwambia mzee kwamba naye alishika tawi.