Vita vya Bwana Naweza na Namba Iliyofukiwa

Enyi mlioketi na mliosimama, enyi mnaopuliza chai ya moto, tulizeni vikombe niwasimulie vita vilivyopiganwa sebuleni, juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi, na shujaa aliyeviingia akiwa na bisibisi ambayo haikuhitajika kabisa.

Aliitwa Bwana Naweza, mfufuaji wa redio, mtu asiyepata kushindwa na kitu isipokuwa vile vilivyomshinda. Asubuhi hiyo kompyuta mpakato ya mkewe, mshonaji, iligoma kufunguka. Na humo ndani zilikuwamo picha zote za marehemu mama yake mshonaji, na nakala nyingine hakuna.

"Tumwite fundi," mkewe alisema.

Bwana Naweza akakaza mkanda. "Ewe mke wangu, nguzo ya nyumba hii! Mimi niliyeifufua pasi iliyokwisha kuzikwa kabatini, nimwachie mgeni vita vya nyumbani kwangu? La hasha! Leo nitaung'oa mfumo wote na kuusimika upya, na mama mkwe hataguswa hata unywele!"

"Na hiyo pasi ilimpiga shoti nani?"

"Hayo ni majeraha ya vita!"

Akajitosa. Mashine ikamuuliza kama ibakize mafaili au ifute vyote, na jasho likamtoka, kwa maana kidole kikiteleza tu, mama mkwe angekufa mara ya pili, na safari hii mikononi mwake. Akachagua kubakiza. Asilimia zikapanda kwa mwendo wa kinyonga, mpaka mlinzi wa lango akajitokeza kwenye kioo cha mashine akidai namba ya leseni ya mfumo, la sivyo hapiti mtu.

Namba hiyo ilikuwa kwenye kibandiko tumboni mwa kompyuta. Shujaa akachungulia chini, asikione. Aliona vipande vya kandambili tu.

"Hujuma!" akanguruma. "Ni msaliti gani aliyeufukia ufunguo wetu?"

"Wewe," mkewe akajibu huku akishona. "Si ulisema inateleza mezani? Ukakatakata kandambili zangu za bafuni, ukazigandisha hapo kwa gundi ya viatu."

Shujaa akakohoa. Akanong'ona kwamba jirani hakosi namba ya kuchakachua.

"Picha za mama zifunguliwe kwa namba ya wizi? Weee! Atafufuka akuchape."

Basi mshonaji akaacha kushona, akachukua mafuta ya cherehani na wembe wa kufumulia, akaanza kubandua taratibu. Bwana Naweza alikabidhiwa tochi, cheo kikubwa katika jeshi lile. Herufi zikachomoza moja moja. Mke akasoma, mume akabonyeza kwa kidole kimoja, na lango likafunguka.

Picha ya kwanza ilikuwa ya mama mkwe, mikono kiunoni, akimtazama Bwana Naweza kwa jicho lile lile la siku alipobisha hodi kwao mara ya kwanza. Mshonaji akalia, kisha akacheka, akaugusa uso ule kwenye kioo.

"Shikamoo, mama," Bwana Naweza alisema, na sauti yake haikuwa ya vita tena.

Jioni akaenda dukani peke yake, akarudi na kandambili mpya za bafuni. Na isomwe hivyo mbele ya vizazi vyote: hizo ndizo ngawira za kwanza ambazo mshindi alimpelekea yule aliyempigania vita vyake.