Baridi Rasmi ya Kata ya Chilonje

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye alifika kutoka Mtumba, kwenye ofisi za wizara, asubuhi hii na, kwa taarifa tulizopokea, akarudi Mtumba asubuhi hii hii baada ya kushusha kioo cha gari na kuonja upepo. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye amewakilishwa. Bwana Aiman, Mtendaji wetu wa Kata, uliyekaa pale huku mikono yote miwili umeificha ndani ya koti kama mtu anayelinda kuku. Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, waliopo madarakani na wanaodhani bado wapo. Viongozi wetu wa dini, ambao mmetuombea kwa ufupi usio wa kawaida. Mke wangu mpenzi Ruthu, Mratibu wa Blanketi langu. Wananchi wote mliojibanza chini ya turubai hili. Na wewe Athuman wa bajaji, ambaye huna wadhifa wowote ila una sauti. Nawasalimu nyote kwa Kigogo: mbukwenyi!

(Wananchi: "Mbukwa!" Meno yanasikika yakigongana.)

Ahsanteni. Wengine husema itifaki imezingatiwa na kuendelea na mambo yao. Mimi, Elieza Ndahani, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Kuratibu Moto wa Majumbani Majira ya Kipupwe, kwa kifupi KAKUMO, siwezi kufanya uzembe wa aina hiyo, na kama mgonjwa kama mimi nimeweza kusimama kuwataja wote, basi mzima ana kila sababu ya kukaa na kusikiliza.

(Athuman: "Umekaa, babu! Sisi wa nyuma ndio tumesimama!" Kicheko.)

Nimesimama kimamlaka, Athuman. Kiti hiki ni cha kitaalamu.

Ndugu wananchi, tumekusanyika leo, mwezi huu wa saba, katika upepo huu ambao Kamati bado haijaupa jina, kwa ajili ya uzinduzi wa Mtambo Mkuu wa Joto la Jamii, huu hapa nyuma yangu, uliofunikwa kitambaa cha bluu, ambao utapeleka joto kwa bomba hadi kwenye vyumba vya kulala vya kaya zote za kata hii. Lakini kabla sijavuta kitambaa, ni wajibu wangu kuwakumbusha tulikotoka, kwa sababu mtu asiyejua alikotoka hawezi kuandikiwa taarifa ya utekelezaji.

Tulikotoka kulikuwa na fujo. Katika kata hii kila kaya ilikuwa inasikia baridi kivyake. Huyu anawasha moto Jumanne, jirani yake anawasha Alhamisi, wa tatu anajifunika gunia na kusema bado. Hapakuwa na mwongozo, hapakuwa na roadmapu, hapakuwa na kikao. Mama alikuwa anaweza kuamka, akashika ukuta, akasema "leo kuna baridi," akawasha! Peke yake! Bila hata kumshirikisha stekiholda mmoja!

(Ruthu, kwa sauti ya chini: "Mimi hadi leo ninafanya hivyo.")

Mke wangu anatania. Ndipo ikatungwa sheria ndogo, ambayo mnaifahamu, kwamba ni marufuku kwa kaya yoyote kuwasha moto wa kuota katika chumba cha kulala mpaka KAKUMO itakapotangaza Baridi Rasmi, na kwamba baridi itakayosikika kabla ya tangazo itahesabiwa kuwa ni hisia za mtu binafsi.

(Bi Penina, bibi wa safu ya mbele, amejitanda kanga mbili, anasimama: "Elieza, samahani. Mjukuu wangu Erica amerudi jana kutoka kujifungua. Yeye na mtoto wako ndani, chumba kama kisima. Niwashe au nisiwashe?")

Bi Penina, dada yangu, swali lako ni zuri sana, na ndiyo maana haliwezi kujibiwa haraka. Keti, nalifikia.

Sasa, mtaniuliza: Mwenyekiti, Baridi Rasmi inatangazwaje? Inatangazwa na kikao halali cha Kamati chenye akidi ya theluthi mbili. Na hapa naomba niwe muwazi, kwa sababu uwazi ni nguzo yetu. Mwaka wa kwanza tuliitisha kikao mwezi wa sita. Wajumbe hawakufika. Wote walileta udhuru wa maandishi, na udhuru ulikuwa mmoja: baridi. Kwa kuwa akidi haikutimia, na kwa kuwa kanuni zinasema kikao kisicho na akidi kiahirishwe hadi hali itakaporuhusu, tulikiahirisha hadi mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi wajumbe walifika wote, wengine na miavuli ya jua, tukaijadili hali ya hewa kwa kina, na tukaazimia kwa kauli moja kwamba katika Kata ya Chilonje hakuna baridi.

(Mtu mmoja anapiga makofi ili kupasha moto viganja. Wengine wanamfuata. Makofi marefu.)

Ahsanteni kwa kuniunga mkono. Utaratibu huo tumeudumisha kila mwaka, bila kukosa hata mara moja. Na ili tusionekane tunaamua kwa hisia, tulitafuta kipimajoto. Kipimajoto kile, ndugu zangu, ni mali ya umma, na mali ya umma haiwezi kuachwa nje iibiwe, hivyo nilielekeza kitunzwe ofisini kwangu, kwenye rafu iliyo juu ya jiko langu la mkaa. Kinasomwa kila asubuhi. Hakijawahi kushuka chini ya nyuzi ishirini na sita. Hizo ni data. Data haina undugu na mtu.

(Athuman: "Babu, kumbe ofisini kuna jiko?")

Ni jiko la kitaasisi.

Aidha, Kamati ilifanya ziara ya mafunzo. Yapo maneno ya mitaani kwamba watu wanaotafiti baridi walipaswa kwenda kwenye baridi, sio kwenda kukaa wiki nzima ufukweni Tanga. Naomba nijibu kwa hoja. Mradi huu ni wa joto. Huwezi kuwaletea wananchi kitu usichokijua. Tulikwenda Tanga kuliona joto linavyoishi na watu wake, linaamka saa ngapi, linalala saa ngapi, na tulirudi tumelielewa kiasi kwamba wajumbe wawili waliomba kuhamia kulekule.

Na matunda yameonekana. Fizibiliti stadi yetu inaonesha kwamba asilimia themanini na tatu ya wananchi wanatetemeka kwa kiwango cha kuridhisha. Wauza masweta ya mitumba pale soko la Majengo wamepata wateja kuliko wakati wowote, na hilo tumelihesabu kama ajira. Ndoa zimeimarika, maana watu hawatengani vitandani hata wakigombana. Asilimia kumi na saba iliyobaki haikuweza kujaza dodoso kwa kuwa haikuweza kushika kalamu.

(Bi Penina anasimama tena. Safari hii hajasema samahani: "Elieza! Mtoto ana siku chache duniani. Vidole vyake nimevishika asubuhi, baridi tupu. Nina kuni, nina matawi ya mizabibu kutoka Makutupora, makavu, nimeyapanga mlangoni. Jana nilikuja kwako kuomba kibali ukaniambia nisubiri hotuba. Hotuba ndiyo hii. Niwashe au nisiwashe?")

(Wananchi: "Jibu! Jibu!")

Utulivu, tafadhali. Bwana Aiman, washa kipaza sauti vizuri, kinakoroma. Bi Penina, usiketi. Au keti. Ngoja.

Nilikuwa nimepanga kulijibu hili katika sehemu ya mwisho, baada ya changamoto na kabla ya mapendekezo. Lakini ratiba yangu imebadilika. Daktari amenisomea taarifa ya nusu mwaka kuhusu mwili wangu, na naomba nikiri kwamba taarifa ile hairidhishi. Moyo uko nyuma ya malengo. Figo moja imejiuzulu, nyingine inakaimu. Nikamwomba daktari aunde kamati. Akanipa pole. Sasa, ndugu zangu, mtu akishapewa pole na daktari anayemlipa, inabidi afunge mafaili yake mwenyewe, maana mrithi wa ofisi akiyafungua atacheka sana. Basi naruka kurasa kumi na moja za changamoto, naingia moja kwa moja kwenye shukrani.

(Wananchi wanashangilia kurasa kumi na moja.)

Kwanza kabisa namshukuru mhandisi aliyebuni Mtambo huu, ambaye sikumwajiri. Namshukuru kwa namna ya pekee fundi aliyeufunga usiku na mchana, fundi ambaye, kwa kadiri ninavyofahamu, hajazaliwa. Nawashukuru vijana waliochimba mitaro ile mliyoiona imepita mbele ya nyumba zenu, na nawaomba radhi, kwa sababu walikuwa watu wa maji, walikosea kata, na mimi nikawapungia mkono kutoka dirishani ili muone kama nawajua. Namshukuru Bwana Aiman kwa kukubali kutuazimisha meza ya ofisi yake na pipa la maji ya mvua la shule, ambavyo ndivyo vitu viwili vilivyopo chini ya kitambaa hiki cha bluu. Na kitambaa chenyewe ni pazia letu la sebuleni. Ruthu, ahsante. Naona umelitambua tangu mwanzo.

(Ruthu: "Nimelitambua kwa doa la chai. Nilikuwa nangoja uone aibu mwenyewe.")

(Athuman amevuta kitambaa. Pipa. Wananchi: "Aaaaah!")

Hakuna mtambo. Hakukuwa na mtambo. Hakuna bomba, hakuna pailoti, hakuna awamu ya pili. Na sheria ndogo ile haikupita popote, maana hata mimi sikuwa na akidi ya kuipitisha: niliiandika mwenyewe mezani kwangu, nikaisoma kwa sauti, nikajipigia makofi, nikaja kuwatangazia.

(Athuman: "Babu, sisi tulikuwa tunawasha tu! Mtaa mzima tunawasha, tunaziba dirisha moshi usionekane!" Kicheko kikubwa. "Kweli kabisa!" "Hata mjumbe wa Kamati!")

Mlikuwa mnawasha? Wote?

(Wananchi: "Wote!")

(Bi Penina, peke yake: "Mimi sikuwasha.")

Hukuwasha, Bi Penina? Miaka yote hii?

(Bi Penina: "Ulisema kwenye kipaza sauti, Elieza. Nikajua mtu hawezi kusimama mbele ya watu na mchungaji amekaa pale, halafu akatunga.")

Ndugu wananchi, nilikuwa nimeandika hapa aya inayoanza na maneno "ikumbukwe kwamba." Naiacha.

Nitawaambia kwa nini, kwa lugha nyepesi, maana pumzi yangu haibebi tena ile nzito. Niliupenda mlango wangu ukigongwa. Nilipenda mtu mzima avue kofia, asimame kwenye kibaraza changu huku anatetemeka, aseme, "Mheshimiwa, tunaomba kusikia baridi," na mimi nimwambie, "Suala lako linashughulikiwa," kisha nirudi kwenye jiko langu. Nilistaafu kazi ya serikali nikiwa bado na maneno mengi ambayo hayajatumika, nikaona yasiharibike. Basi. Hakuna kingine. Juzi usiku nililala na homa, Ruthu akawasha moto chumbani bila kuniuliza, nikalala usingizi mzuri kuliko mwaka mzima, na asubuhi yake ndipo Bi Penina akaja kuomba kibali, na mdomo wangu, ndugu zangu, kwa mazoea tu, ukamwambia asubiri hotuba.

(Upepo unapiga turubai.)

Sasa najibu swali, na Bwana Aiman aandike. Bi Penina, washa. Mtu awashe moto akisikia baridi. Hiyo ndiyo sera nzima, haina kiambatisho. Ila kuni zisijaze chumba moshi mbele ya mtoto, na enyi mnaoziba madirisha, fungueni hata kidogo, na jiko la mkaa lisilale ndani na watu: mkaa unaua mtu usingizini wala hapigi kelele. Hilo ndilo jambo pekee la kweli katika makabrasha yote ya KAKUMO, lipo ukurasa wa mia na nne, na sikuwahi kuwasomea kwa sababu lilikuwa fupi.

(Bi Penina hasubiri. Amefunga kanga kiunoni, anatoka mbio kwa namna ya miaka yake. Watu wanampisha njia. Nyuma yake wanatoka wengine, wawili wawili, na viti vyao.)

Naomba msitoke kabla ya kaulimbiu! Ni tatu tu! Kata ya Chilonje, hoyee!

(Wachache, wakiwa tayari barabarani: "Hoyee!")

Joto ni haki, baridi ni hiari!

(Athuman, akiwasha bajaji: "Pole, babu! Uwe na amani!")

Mwananchi aliyepata moto ni mwananchi aliyepata maendeleo! Hoyee! Hoyee, jamani?

(Turubai limebaki na Bwana Aiman, Ruthu na pipa.)

Basi niwashukuru nyote mliokuwepo. Sina jengo la kuwaachia wala bango lenye jina langu, na kama mtaniombea, niombeeni kwa ufupi kama mlivyofanya leo asubuhi.

(Ruthu, akimfunika blanketi mabegani: "Baba, twende. Unakaukia hapa.")

Nakuja, mama. Ngoja kwanza. Ule pale si moshi? Kule kwa Bi Penina, kwenye paa, ule unaopinda na upepo?

(Ruthu: "Ni moshi. Dirisha lake kafungua.")

Bwana Aiman, chukua kalamu. Andika kwamba mradi umekamilika.

(Bwana Aiman: "Sawa, Mheshimiwa. Niandike umetekelezwa na nani?")

Andika Bi Penina. Mimi usiniandike popote. Haya Ruthu, nishike mkono, kuna baridi.